Meli Mbili Kutoka Bombay

Bibi yangu alinikuta chini ya mwembe nimeinama, viganja na nyayo vimegusa mkeka, kiuno kiko juu. Ilikuwa asubuhi hapa Sofu, bodaboda hazijaanza kelele zake za kuelekea Picha ya Ndege. Alikuwa na ndoo mkononi. Akasubiri nimalize, kisha akauliza: "Mume wangu, hiyo ni swala ya nani?"

Wasomaji wa bara watanisamehe. Kwetu Pwani bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na utani huo una haki zake, mojawapo ikiwa haki ya kuuliza bila kuzunguka. Nikamjibu kuwa si swala, ni mazoezi ya viungo tu.

"Mazoezi gani yenye maneno?" akasema. Maana simu yangu ilikuwa inaongea pale chini. Mwalimu wa kwenye video, Mmarekani, alikuwa anachanganya Kiingereza chake na maneno mengine: asana, prana, namaste. Bibi hajasoma Kiingereza lakini sauti yake anaijua. "Hicho ni Kizungu. Hayo mengine ni ya nani?"

"Kisanskriti, Bibi. Lugha ya kale ya India."

"Ahaa. Ya Kibanyani." Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Swali lake nimekaa nalo miezi kadhaa. Jibu langu la kwanza, lile la "viungo tu", halikuwa kweli, na mimi kazi yangu ni uandishi wa habari. Pia nilikuwa nimeanza yoga kwa sababu ambayo sikumwambia. Nitaifikia. Kwanza niwaambie nilichokikuta nilipoanza kuyafuatilia hayo maneno ya Kibanyani, maana nilianzia mbali nikaishia jikoni kwa Bibi mwenyewe.

Chukua sukari. Sisi tumeipokea kutoka Kiarabu, lakini Waarabu waliipata kupitia Uajemi, na mwanzo wake ni sharkara ya Kisanskriti, neno lililokuwa na maana ya changarawe, kokoto ndogondogo, kabla halijawa la sukari. Pilipili imetoka kwa pippali, aina ya pilipili ndefu ya India. Embe lina asili katika amra. Gunia ni goni. Laki ni laksha. Rupia ni rupya, fedha iliyopigwa chapa. Pesa nayo huunganishwa na neno lililomaanisha sehemu ya robo. Na tambuu, ambayo Bibi huitafuna jioni akiwa amekaa barazani, ni tambula.

Hata jina Banyani lina njia hiyohiyo: linatoka kwenye vanija, mfanyabiashara. Bibi aliposema "ya Kibanyani" alikuwa ametumia Kisanskriti kukitambua Kisanskriti.

Hapa mtu huanza kulewa. Nililewa kidogo mwenyewe. Nikaona simba wetu na simha wao, nikasema nimepata dhahabu. Sikupata kitu. Simba ni neno la Kibantu, lipo katika lugha nyingi za ndugu zetu ambazo hazikuwahi kuona bahari, na kufanana kwake na simha ni bahati tu. Vilevile anga yetu ya juu haihusiani na anga ya Kisanskriti, ambayo maana yake ni kiungo cha mwili au sehemu ya kitu. Lakini hiyo anga ya pili nayo imetufikia kwa mlango wa nyuma. Chaturanga, yaani viungo vinne, lilikuwa jina la jeshi lenye sehemu nne, likawa jina la mchezo wa kete, Waajemi na Waarabu wakaugeuza kuwa shatranj, nasi tukasema sataranji. Katika yoga kuna mkao unaoitwa chaturanga dandasana, ambapo mwili unaunyoosha kama fimbo huku umeushikilia kwa viganja viwili na ncha za miguu miwili. Vinne. Kila asubuhi, kumbe, nilikuwa nacheza sataranji na mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa nashindwa.

Sasa angalia orodha hiyo tena. Sukari, pilipili, embe, gunia, laki, rupia, pesa, tambuu. Vyote ni vitu vya kula, vya kubeba na vya kuhesabu. Nilipotafuta maneno ya ndani ya mtu sikupata hata moja lililotoka huko. Roho, nafsi, akili, subira, nia, toba, dhamiri: yote ya Kiarabu. Moyo, utu na pumzi ni yetu wenyewe. Watu wamefanya biashara na India kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakanunua kutoka kwao gunia na kilichomo ndani ya gunia, wasichukue hata neno moja la kusema mtu akae vipi na nafsi yake. Kwa nini?

Jibu moja linapatikana Zanzibar ya karne ya 19. Kwa miongo mingi Sultani alikodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa kampuni ya Jairam Shivji, familia ya Wabhatia kutoka Kutch. Wakala wake mashuhuri, Ladha Damji, alikuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote kisiwani. Lakini wafanyabiashara hao wa Kihindu walikuja bila wake zao hadi karibu mwisho wa karne hiyo. Kwao kuvuka bahari kulikuwa unajisi uliohitaji kutakaswa mtu akirudi nyumbani. Walikula kivyao, waliabudu ndani ya nyua zao, na hawakumwita mtu ajiunge nao. Uislamu ulikuwa na chuo, na mwalimu aliyeoa hapahapa na watoto wake wakasema lugha ya mama zao. Ndiyo maana subira ni neno letu na prana si letu. Neno la ndani husafiri na watu wanaolala nyumba moja. Neno la dukani linatosheka na kaunta.

Kuna sababu ya pili, na hii inauma. Fedha za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, misafara ya pembe na ya watu, kwa sehemu kubwa zilikopeshwa na wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu na Wahindu. Bagamoyo iko mkoa huuhuu wa Pwani. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaachia watumwa wao. Kwa hiyo walikuwepo wa kuachiwa. Dini iliyoweka kutodhuru kiumbe mbele ya maadili yote ilikuwa imekaa kwenye ua wa mtu ambaye daftari lake lilikuwa na hesabu za binadamu. Babu zetu wangejifunza nini kwa mtu huyo zaidi ya kuhesabu laki?

Maneno ya ndani yalikuja baadaye, na hayakupitia dukani. Yalikuja kwa meli mbili.

Meli ya kwanza iliondoka Bombay Aprili 1893. Ndani yake alikuwamo wakili kijana wa Kigujarati, umri miaka 23, hana kazi ya maana, anakwenda Afrika Kusini kusaidia kesi ya mfanyabiashara wa kwao. Jina lake Mohandas Gandhi. Katika tawasifu yake anasimulia kwamba nahodha alikuwa mpenzi wa sataranji lakini si mjuzi, akatafuta mtu asiyejua kuliko yeye ili acheze naye, akampata Gandhi. Walitia nanga Lamu, Gandhi akashuka kuona mji, akachelewa, na mkondo wa maji bandarini ukawa mkali kiasi kwamba ilibidi avutwe kwa kamba kupandishwa melini. Ninaipenda picha hiyo: mtu atakayeitikisa dola ya Uingereza ananing'inia kwenye kamba mbele ya Lamu kwa sababu alikuwa anashangaa posta.

Kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku nane hadi kumi akisubiri meli nyingine. Huko nahodha alimwalika matembezini, na matembezi yenyewe yakawa ya kwenda kwa makahaba wa Kiafrika. Gandhi anasema aliingizwa chumbani akasimama bubu kwa aibu, akatoka bila kufanya lolote, na baadaye akajilaumu kwa kukosa ujasiri wa kukataa tangu mlangoni. Alilihesabu tukio hilo kama mtihani wa nafsi yake. Mimi nikilisoma jicho langu linakwenda kwa mwanamke. Yumo ndani ya kisa kwa mistari michache, hana jina, hana neno. Huo ulikuwa mwaka 1893. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku Zanzibar tangu 1873 lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, hadi 1897. Kwa nini alikuwa chumbani mle? Gandhi hakuuliza. Angekuwa mwandishi wa habari, mhariri angemrudisha.

Meli ya pili iliondoka bandari ileile ya Bombay mwishoni mwa Mei 1893, wiki kadhaa baadaye, ikaelekea upande wa pili: Japani, kisha Amerika. Ilimbeba mtawa aitwaye Vivekananda. Septemba mwaka huo alihutubia Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, na miaka mitatu baadaye, 1896, akachapisha kitabu cha Raja Yoga kilichowafungulia wasomaji wa Magharibi mafundisho ya Patanjali. Kuanzia hapo yoga ikawa na maisha mapya. Katika miaka ya 1930 kule Mysore, mwalimu Krishnamacharya alikuza mtindo wenye mikao mingi ya mwili, na watafiti kama Mark Singleton wameonyesha jinsi mazoezi ya Kizungu ya wakati ule yalivyochangia kuijenga yoga tunayoiona leo. Mwanafunzi wake Iyengar akaandika kitabu mwaka 1966, kikaenea dunia nzima. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Nairobi, tangu 2007, mradi wa Africa Yoga Project umefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Na mimi, huku Kibaha, nikaipata kwenye simu, kwa sauti ya Mmarekani.

Tafakari mzunguko huo. Dar es Salaam, Mtaa wa Kisutu, mahekalu ya Kihindu yamepangana. Kutoka Sofu ni mwendo wa basi moja na kuunganisha jingine. Maneno haya yamekuwa pale tangu kabla Bibi hajazaliwa. Hayakutembea hadi kwetu. Yalilazimika kuzunguka kupitia Chicago.

Meli ya kwanza lakini iliyaleta kwa njia fupi zaidi. Patanjali, ambaye sutra zake (sutra maana yake uzi) hazifiki mia mbili, anataja hatua nane za yoga. Mkao wa mwili, asana, ni hatua ya tatu, na neno lenyewe linatokana na kukaa tu. Hatua ya kwanza ni makatazo matano: ahimsa, satya, asteya, brahmacharya, aparigraha. Nimejaribu kuyaweka kwa Kiswahili: kutodhuru, ukweli, kutoiba, kujizuia, kutolimbikiza. Ahimsa iko mbele. Gandhi alilichukua neno hilo la watawa akaliingiza barabarani. Afrika Kusini, mwaka 1906, harakati zake zilianza, na jina walilolipa likawa satyagraha, kuishikilia kweli. Yaani siasa hiyo ya kutotii bila kupiga ilipewa jina la Kisanskriti katika ardhi ya Afrika.

Sitaki kusema kila kitu chetu kilitoka kwake. Lakini TANU ilipokutana Tabora Januari 1958 na Nyerere akawashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi wa masharti ya kibaguzi badala ya kuususia, alikuwa anazuia damu isimwagike, na uhuru ulikuja Desemba 1961 bila vita. Mwaka 1995 Serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, mtu wa kwanza kuipokea alikuwa Mwalimu. Na Mwalimu huyohuyo aliwapa hifadhi wapigania uhuru waliobeba silaha, na mwaka 1978 alipeleka jeshi kupigana na Idi Amin. Kutodhuru kwake kulikuwa na mpaka. Majivu ya Gandhi yenyewe, sehemu yake, yalitiwa katika mto Nile pale Jinja mwaka 1948, kwa hiyo hata mwili wake tumeupokea. Na bado Desemba 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu yake, kwa sababu katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika. Aliyaandika kweli. Yule mwanamke wa Zanzibar asiye na jina hakuwa bahati mbaya ya usimulizi.

Nilipofika hapo ndipo nikaelewa kwa nini swali la Bibi lilinikaa rohoni.

Miaka miwili iliyopita niliandika habari ya mgogoro wa kiwanja. Mkoa wetu si unaujua: kila mti una wenyewe watatu. Nilikuwa na nyaraka, nilikuwa na picha, nikamwandika mtu mmoja kwa jina lake kamili kuwa mvamizi. Hakuna neno nililobuni. Simu yake nilipiga mara moja, haikupokelewa, na saa za kufunga gazeti zilikuwa zimefika. Baadaye ikajulikana kwamba mtu yule alinunua kiwanja kwa mkataba wa mkono, mbele ya mashahidi, kutoka kwa tapeli aliyekwishakiuza kwa mwingine. Alikuwa ameibiwa. Mimi nikamwita mwizi. Masahihisho yalitoka ukurasa wa ndani, mistari minne. Watoto wake walikuwa wamekwishapewa jina shuleni.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha kiti, mkewe akaleta maji. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia." Hakuongeza. Baada ya hapo usingizi ukanikimbia, nikiufumba macho naliona lile jina kwa herufi kubwa. Rafiki akanitumia video ya yoga. Hiyo ndiyo sababu ambayo sikumwambia Bibi.

Katika masomo ya uandishi tulifundishwa kwamba ukweli ukishakuwa ukweli umejitetea. Patanjali hakuupanga hivyo. Wafafanuzi wake wa kale wanashikilia kwamba satya iko chini ya ahimsa: kabla hujasema kweli, uliza itamwangukia nani. Mtu akisikia haraka atadhani ni ruhusa ya kuficha maovu ya wakubwa. Sivyo. Ukweli niliouandika ulikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa mtu ambaye sikumwendea. Ningehofia kumdhuru ningepanda bodaboda nikaenda kwake, na ningeupata ukweli wote. Uangalifu wa kutodhuru ungenifanya mwandishi bora wa habari, siyo mwoga.

Basi wiki iliyopita nikakaa na Bibi barazani, nikamwomba radhi kwa lile jibu la kwanza. Nikamwambia si viungo tu. Baadhi ya maneno yale ni ya ibada kwa wenyewe, na katika hatua za Patanjali kujikabidhi kwa Mungu nako kumo. Mimi nimechukua pumzi na yale makatazo matano, ibada yao nimewaachia. Kisha nikamsimulia habari ya sukari na pilipili na embe.

"Na hii?" akainua tambuu.

"Nayo."

Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe nimekuwa Banyani miaka yote." Halafu akanyamaza, akauliza: "Na hiyo pumzi unaifanyia nini?"

Nikamwambia unaifuata tu, inavyoingia na inavyotoka, mpaka akili itulie. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa maji yanalowesha. "Si ndiyo kupumzika?" akasema.

Nilikaa kimya. Prana niliitafuta katika vitabu vitatu, na neno pumzika nimelitumia tangu utotoni bila kuona kwamba pumzi imo ndani yake. Labda ndiyo sababu hatukuhitaji kulikopa hilo. Huwezi kununua dukani kitu ambacho nyumbani kipo, hata kama umekisahau kilipowekwa.

Alipoinuka kwenda kutawadha, akanigeukia. "Fanya tu, mume wangu. Lakini usitie jina la mtu kinywani kama hujui habari zake." Alikuwa anazungumzia miungu ya watu, nadhani. Sijawahi kumsimulia habari ya kiwanja.

Siku hizi simu naizima sauti. Nahesabu kwa Kiswahili, moja hadi tano, kuvuta na kutoa, juu ya mkeka wake wa ukindu. Kwenye chaturanga bado naanguka.